Mousafiris: Asili ya Neno Si Maana Yake

Mwalimu mwenzangu, bila shaka umewahi kusahihisha jibu la mtahiniwa anayedhani kuwa asili ya neno ndiyo maana yake. Mimi pia nilifundisha hivyo kwa muda. Neno lililonirekebisha ni nomino ya Kigiriki cha kisasa: mousafiris (hutamkwa musafiris, mkazo ukiwa kwenye fi).

Ukilisikia, utalihusisha na 'msafiri'. Hujakosea, yote mawili yana asili ya Kiarabu, musafir, yaani mtu aliye safarini. Hata hivyo, mousafiris si msafiri. Ni mgeni aliyefika nyumbani kwa mtu. Mgiriki akisema "Ehoume mousafiridhes", maana yake ni "Tuna wageni". Ukitafsiri "Tuna wasafiri", umepotosha. Msafiri kwa Kigiriki ni taxidhiotis.

Je, maana ilibadilikia wapi? Neno lilitoka Kiarabu likaingia Kituruki, ambamo misafir ni mgeni. Si ajabu: aliye safarini akibisha hodi, huwa mgeni wa mwenye nyumba. Wagiriki, waliotawaliwa na Waturuki wa Osmani kwa karne kadhaa, walilikopa likiwa na maana hiyo.

Linganisha pia sarufi:

(a) Kiswahili huchukulia m- kuwa kiambishi cha ngeli ya A-WA: msafiri/wasafiri.

(b) Kigiriki hubadilisha mwisho wa neno: mousafiris/mousafiridhes. Mgeni wa kike ni mousafirissa.

Kuhusu matumizi, Kigiriki kina neno jingine, xenos. Hili humrejelea mtu tusiyemjua au wa nchi nyingine, ingawa laweza pia kumrejelea mgeni wa nyumbani. Mousafiris ni neno la mazungumzo ya kawaida, nalo ni la yule aliyekwisha kukaribishwa ndani. 'Mgeni' wetu hubeba maana zote hizo, hivyo muktadha ndio huamua. Unapomkuta mgeni katika riwaya au tamthilia, jiulize: amekaribishwa au anashukiwa? Jibu laweza kugeuza uchambuzi wako wote wa mhusika.

Mtahiniwa, ukiagizwa kueleza maana ya neno 'kama lilivyotumika katika kifungu', zingatia maneno hayo ya mwisho. Asili hukuonyesha neno lilikotoka. Alama zako zimo katika matumizi yake.