Simu ya Mtalii katika Msitu wa Bwindi

Katika nchi jirani ya Uganda, karibu na mpaka wa Kongo, upo msitu wa Bwindi. Hesabu ya mwaka 2018 ilionyesha gorila wa milimani 459 katika msitu huo na ule wa Sarambwe unaopakana nao. Gorila wote wa aina hiyo duniani walihesabiwa 1,063. Wageni hutoka ng'ambo kuwatazama, kwa kawaida watu 8 kwa kundi, tena kwa saa moja tu.

Siku hizi mgeni huyo hufika na simu mkononi, na wataalamu hutunga programu za kumwongoza. Mtungaji anayekaa mjini husahau upesi kwamba mabondeni mtandao hukatika. Simu yaweza kupokea ishara za setilaiti na kujua mahali ilipo hata pasipo mtandao. Kinachokosekana ni ramani. Kwa hiyo ramani, kanuni za hifadhi na maelezo ya kuomba msaada sharti vihifadhiwe ndani ya simu kabla ya safari. Maandishi nayo yawe makubwa na vitufe vichache, kwani mvua hunyesha na vidole huwa na matope. Mzee aliyechoshwa na mlima hana subira ya kufungua kurasa kumi.

Lakini liko jambo ambalo watu wa ulinzi watalielewa upesi kuliko watunga programu. Ramani inayomwonyesha mgeni alipo mnyama humwonyesha jangili vilevile. Mwaka 2016 wakuu wa hifadhi za Afrika Kusini walizilalamikia programu za kupashana habari za wanyama walioonekana katika Kruger: magari yalikimbizana, wanyama wakagongwa, na ikahofiwa kwamba majangili nao wangezitumia. Mwanzoni mwa mwaka 2018 iligundulika kwamba ramani ya Strava, programu ya watu wa mazoezi, ilikuwa imechora kambi za jeshi huko Syria na Afghanistan, kwa kuwa askari walikimbia huku wakiitumia. Hakuna aliyekusudia uhaini. Chombo kilitangaza kila kitu ambacho hakikukatazwa.

Programu ya msituni yafaa ijengwe kinyume. Imwonyeshe mgeni lango, njia, zahanati na mahali pa kulala. Habari za gorila ziachwe kwa wafuata nyayo wa hifadhi, ambao hutangulia asubuhi hadi walipolala wanyama hao. Picha nayo ivuliwe alama ya mahali kabla ya kutumwa, maana simu nyingi huiandika ndani yake bila mwenyewe kutambua. Mgeni hapungukiwi kitu, kwa sababu haruhusiwi kuwafikia gorila bila askari wa hifadhi.