Risasi Hazikugeuka Maji

Kila nikizungumzia vita vya Kongo vya 1964, mkono wa kwanza kuinuka huwa na swali lile lile: "Mwalimu, ile dawa ya waasi wa Simba, ya kugeuza risasi kuwa maji, ilikuwa kweli?" Nimeulizwa darasani, nimeulizwa msibani, na safari moja nimeulizwa ndani ya daladala, kondakta kaninyooshea mkono anasubiri nauli. Leo naandika jibu nilibandike mlangoni kwangu, nipumzike.

Muulizaji huja na ushahidi wake. Vijana wengi wakiwa na mikuki na mapanga tu waliichukua Uvira mwezi Mei, Albertville (Kalemie ya leo) mwezi Juni, na mapema Agosti wakaingia Stanleyville, yaani Kisangani. Askari wa serikali walikuwa na bunduki. Kama si dawa, ni nini basi?

Ni kwamba askari wale nao waliiamini. Hapo ndipo wengi wanapopitwa. Mganga alimchanja kijana chale, akamnyunyizia maji, akampa miiko: asiguse mwanamke, asiibe, asitazame nyuma, asiache kupaza sauti "Mai Mulele!" Mai ni maji kwa Kiswahili cha Kongo, Mulele ni Pierre Mulele, ambaye wakati huo alikuwa na uasi wake Kwilu, huko magharibi. Sasa mwangalie askari wa upande wa pili. Amekulia kijiji kama hicho hicho, sifa za dawa zimemfikia kabla ya Simba wenyewe, na jeshi lake halijatulia tangu lilipoasi Julai 1960, siku chache baada ya uhuru. Majeshi ya Umoja wa Mataifa yameondoka mwisho wa Juni. Anaona kundi linamjia likiimba, halijifichi wala haliinami. Anafyatua hovyo, anatupa silaha, anatimua mbio. Silaha inaokotwa. Mji unaofuata unapata habari kwamba risasi zimegeuka maji, na safari hii wanaokuja wana bunduki.

Anayebisha aende Bukavu. Agosti hiyo hiyo, Simba hao hao, maji hayo hayo. Kanali Léonard Mulamba alikataa kuondoka, askari wake wakabaki naye, ndege zilizotolewa na Marekani zikaongeza nguvu, na Simba wakafa barabarani. Novemba 24 askari miavuli wa Ubelgiji walitua Stanleyville. Hawakujua Mai wala Mulele, na mji ukatoka mikononi mwa Simba siku hiyo. Mahenge nako, katika Vita vya Maji Maji, Agosti 1905, askari wa Wajerumani, wengi wao Waafrika, walibaki nyuma ya bombomu zao, na maji ya mganga Kinjikitile hayakumfaa mtu.

Nitajibiwa, kama kawaida: "Waliokufa walivunja miiko." Bila shaka! Nani anaweza kuwa na umri wa miaka kumi na saba, ana bunduki na njaa, asivunje hata mmoja? Lawama zote zikimwangukia marehemu, mganga anashindwaje?

Hata hivyo miiko yenyewe siidharau. Kwa kundi lisilo na kambi, mshahara wala jela, "usiibe" ni amri yenye thamani kuliko maji yote ya mtungini, maana kijiji kisichoibiwa ndicho kinacholisha wapiganaji na kuwaonya adui anapokuja. Simba walipofika mijini miiko ililegea, uporaji ukaanza, makarani na wasomi wakauawa, na milango ya watu ikafungwa. Wataalamu walioandika kuhusu uchawi huu kwa ajili ya jeshi la Marekani, Agosti 1964, nao hawakupendekeza mganga wa kushindana na mganga. Walitaka askari waliofunzwa vizuri na wenye makamanda wanaoaminika.

Kwa hiyo mkisikia habari za Mai-Mai au Wazalendo, wapiganaji wa leo wa mashariki mwa Kongo, acheni chale. Ulizeni wanakula kwa nani. Risasi wanapata wapi, maana za kuokota huisha. Wakishindwa wanavuka mpaka gani au ziwa gani; Che Guevara, aliyekwenda kuwasaidia Simba, alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma kwenda Fizi Aprili 1965, na Novemba akarudi kwa ziwa lile lile. Mwisho, ulizeni anayekabiliana nao amelipwa lini.

Na njia za kuwatoa msituni? Kununua silaha: utaletewa zilizooza, nzima zitabaki darini. Kuwarudisha nyumbani: inafaa kama shamba bado lipo na jirani hajalichukua, basi kaanze na shamba. Kuwatia jeshini: watawanye mbali na kamanda wao, la sivyo umemvika sare tu. Kumpa kamanda cheo: atatulia, lakini binamu yake aliyebaki kijijini ataanza kuhesabu vijana.