Shule ya Vidudu Isiyo na Vidudu

Wengi wetu tulipokuwa wadogo, shule ya watoto ambao hawajafika darasa la kwanza iliitwa shule ya vidudu. Hata leo wako wazazi wasemao, "Mwanangu bado yuko vidudu." Ni jina la utani, nasi tumelizoea. Lakini ukiingia katika vituo vyetu vingi vya kulelea watoto mchana, utaona jambo la kushangaza: katika shule ya vidudu hakuna kidudu hata kimoja. Kuna ubao, kuna mikeka au madawati, na ukutani kuna picha.

Katika kituo chetu, kilicho pembeni mwa kanisa mjini Morogoro, mojawapo ya picha hizo ilikuwa ya kipepeo. Kila asubuhi watoto waliimba kwa sauti moja, "Ka, ke, ki, ko, ku! Ki, kipepeo!" Siku moja kipepeo wa kweli akaingia kupitia dirishani. Wengine walipiga kelele, wengine wakajificha chini ya meza, na mvulana mmoja akavua kiatu ili amponde. Hapo ndipo walimu na akina mama wa kamati tulipotazamana. Tulikuwa tumewafundisha watoto jina la kipepeo, lakini kipepeo mwenyewe hawakumjua.

Katika makala hii tunawaeleza, akina mama wapendwa, jinsi tulivyojaribu kurekebisha jambo hilo, pamoja na makosa tuliyoyafanya.

BUSTANI YA WATOTO

Wazo la kuwafundisha watoto wadogo kwa vitu vyenye uhai si jipya. Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1782, alikuwa mtoto wa mchungaji. Mama yake alifariki kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja, na alipokuwa kijana aliwekwa kwa bwana misitu ili ajifunze kazi. Mwaka 1837 alifungua mahali pa kulea na kufundisha watoto wadogo katika mji wa Blankenburg, na mwaka 1840 akapaita Kindergarten, yaani bustani ya watoto.

Jina hilo halikuwa mfano tu. Fröbel alitaka kila mtoto awe na kijishamba chake mwenyewe, na pamoja na hicho iwepo bustani ya wote. Chake kikikauka, mtoto ataona kwa macho yake matokeo ya kusahau kumwagilia. Cha wote kikistawi, atajua faida ya kushirikiana. Mwaka 1851 serikali ya Prussia ilizipiga marufuku shule hizo, na marufuku hiyo ikaondolewa mwaka 1860. Baadaye jina la Kindergarten lilienea duniani. Bustani yenyewe, mara nyingi, ilisahauliwa njiani.

Sisi Wakristo tuna sababu nyingine pia. Bwana Yesu alipotaka kuwafundisha watu wasisumbukie maisha, aliwaelekeza kutazama ndege na maua ya kondeni (Mathayo 6). Kitabu cha Mithali, sura ya 6, kinampeleka mvivu kwa chungu ili akajifunze. Kama watu wazima walifundishwa hivyo, mtoto wa miaka minne atafundishwaje kwa chaki peke yake?

KIWAVI WA MLIMAU

Tulianza na mlimau ulio nyuma ya kanisa. Yuko kipepeo mkubwa, mweusi mwenye madoa ya manjano, ambaye hutaga mayai kwenye majani machanga ya mlimau, mndimu na mchungwa. Kiwavi wake akiwa mdogo anafanana na kinyesi cha ndege, na hiyo ndiyo kinga yake, kwa maana nani atake kula kinyesi? Akikua huwa wa kijani. Ukimgusa kwa kijiti hutoa kichwani vipembe viwili vya rangi ya machungwa vyenye harufu kali. Watoto waliangua kicheko kila walipoviona.

Kiwavi wa kwanza tulimtia katika chupa pamoja na majani mabichi, tukafunga kifuniko, tukamweka dirishani ili watoto wote wamwone. Jua la mchana lilipiga hapo. Jumatatu asubuhi tulimkuta amekufa.

Mwenzetu mmoja alishauri tumtupe upesi kabla watoto hawajafika, kisha tuwaambie kwamba ameruka zake. Lilikuwa wazo la huruma, nasi tulikaribia kulikubali. Lakini tukajiuliza: tukiwadanganya habari za kiwavi, watatuaminije tunapowasimulia habari zilizo kubwa zaidi? Tukawakusanya, tukawaonyesha chupa.

"Nani alimfungia?" akauliza msichana mmoja wa miaka minne.

"Ni sisi walimu. Tulikosea."

Wakanyamaza wote. Kisha yule msichana akasema, "Basi wa pili msimfungie."

Wa pili hatukumfungia. Tulitafuta boksi la katoni, tukalifunika kwa kipande cha chandarua kikuukuu ili hewa ipite, na tukaliweka kivulini. Watoto walipokezana kuleta majani mabichi kila asubuhi. Siku moja kiwavi akaacha kula. Akajishikiza kwenye kijiti kwa uzi mwembamba kiunoni, akawa kama jani lililojikunja. Watoto waliuliza kila siku kama amekufa, nasi tukawajibu, "Tungoje tuone."

Baada ya wiki mbili hivi akatoka kipepeo mwenye mabawa yaliyokunjamana kama nguo isiyopigwa pasi. Mtoto mmoja alitaka kumsaidia kuyanyoosha. Aliyemzuia ni yule mvulana wa kiatu. "Usimguse," alisema, "hayajakauka!" Tulipoondoa chandarua, darasa zima lilisimama mlangoni kumtazama akipita juu ya mlimau.

HARAGWE NA MAYAI

Si kila kituo kina mlimau, lakini haragwe halikosekani. Loweka maharage usiku mmoja. Weka pamba yenye unyevu ndani ya gilasi, na upachike haragwe kati ya pamba na gilasi ili mtoto alione. Baada ya siku chache mzizi utatokeza na kuelekea chini. Laza gilasi ubavu, na baada ya muda mzizi utapinda tena kutafuta chini. Otesha na punje ya muhindi pia. Haragwe litainua vipande vyake viwili hadi juu, bali punje ya muhindi itabaki chini. Usiwaambie watoto mapema. Waache wagundue wenyewe ni ipi iliyopanda na ni ipi iliyobaki.

Baadhi ya watoto wetu walimimina maji kila walipopita, kwa mapenzi. Maharage yao yakaoza. Hatukuwagombeza. Tuliwapa mengine, na safari hii kila mmoja alitumia kifuniko cha soda kupimia maji.

Baadaye mama mmoja wa usharika alituazima tetea aliyekuwa akiatamia mayai 11. Mayai ya kuku huanguliwa baada ya siku 21 hivi, kwa hiyo tuliweka mawe 21 katika kopo. Kila asubuhi mtoto mmoja alihamisha jiwe moja kwenda kopo la pili. Watoto ambao hatukuweza kuwavusha kumi kwa kuimba, walifika 21 kwa mawe. Vifaranga 8 walipotoka, wao wenyewe ndio waliohesabu kwamba yamebaki mayai 3.

KAZI YA MWALIMU NI KUNGOJA

Tulijifunza kwamba kazi ngumu kuliko zote ni kunyamaza. Mtoto akileta konokono, sisi hukimbilia kumwambia, "Huyu ni konokono." Akishapewa jina, huacha kutazama. Ni afadhali umwulize, "Macho yake yako wapi? Amepita wapi? Umejuaje?" Akishachoka kutazama, ndipo umpe jina.

Jambo la pili ni hofu yetu wenyewe. Wengi tumelelewa kumwogopa kinyonga, ingawa hana sumu. Mwalimu akikimbia, watoto ishirini watakimbia, na kesho watampiga mawe. Ukishindwa kumshika, simama mbali kidogo, utazame pamoja nao.

TAHADHARI

Kumpa mtoto uhuru wa kushika si kumwacha ashike kila kitu. Mambo haya tusiyaache:

- Kabla ya watoto kutoka nje, mtu mzima akague mahali hapo: nyuki, nge, tandu, nyoka, vipande vya chupa, na shimo lolote lenye maji. Mtoto mdogo anaweza kuzama hata kwenye ndoo.
- Viwavi wenye manyoya wasiguswe, kwa sababu wengi huwasha.
- Hakuna kitu cha porini kuwekwa mdomoni. Mbegu za mbarika zina sumu kali, na uyoga asioujua mwalimu usichumwe.
- Haragwe likiingia puani au sikioni huvimba. Usilichokonoe wala usitie maji. Mpeleke mtoto zahanati.
- Watoto wavae viatu wanapochezea udongo, maana minyoo ya safura hupenya kwenye ngozi ya miguu.
- Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kushika udongo, kuku au mdudu, na kabla ya kula.

"NIMELIPA ADA ASOME, SI ALIME"

Wazazi hawakufurahi wote. Mama mmoja alikuja na sare yenye matope mkononi. "Mwalimu," alisema, "mimi nimelipa ada mwanangu asome, si alime. Mwezi ujao simleti."

Hatukumlaumu. Anafua kwa mikono, na maji anayanunua. Tulikosa kumshirikisha. Tukamwomba msamaha, tukakubaliana kwamba kila mtoto alete fulana kuukuu ya kuvaa wakati wa bustani. Kisha tukamkaribisha akae nasi asubuhi moja. Siku hiyo mwanawe alimshika mkono, akampeleka kwenye makopo ya mawe, akamhesabia mpaka 21 bila kukosea, akamweleza kwa nini tetea asisumbuliwe. Mama yule alisikiliza mpaka mwisho. Mtoto hakuhamishwa.

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga. Mtoto aliyezoea kungoja mzizi uote na mabawa yakauke anajifunza subira, tena anajifunza kwamba kilicho kidogo na kisichoweza kujitetea kina haki ya kutendewa kwa uangalifu. Siku moja atakuwa na mdogo wake wa kubeba, na baadaye mtoto wake mwenyewe.

Mama mpendwa, huhitaji kituo ili uanze. Jioni hii, unapochagua maharage ya kupika, mpe mwanao punje tatu na gilasi moja. Kesho asubuhi, kabla ya sala, mwulize ameona nini. Asipoona kitu, mshukuruni Mungu kwa siku mpya, mkatazame tena kesho kutwa.