Fleshi moja yatosha kufufua kompyuta kuukuu

Tangu Microsoft iache kuihudumia Windows 10, Oktoba 14, 2025, kompyuta nyingi majumbani na madarasani zimebaki bila masahihisho ya usalama. Nyingi bado ni nzima na zaweza kutiwa Linux. Shida ni kuwa amri ya dd huimeza fleshi yote kwa ISO moja, ndiyo maana fundi hutembea na fleshi nne mfukoni.

Dawa yake ni kuitia GRUB ndani ya fleshi, hiyo programu inayoamsha kompyuta, kisha ISO zikae humo kama faili za kawaida.

Anza na lsblk, na hapa ndugu yangu usiwe na pupa. Mimi niliwahi kuandika sda badala ya sdb, picha za harusi ya dadangu zikapotea zote. Siku hizi naandika lsblk kabla ya kuchomeka fleshi, kisha tena baada yake. Jina lililoongezeka ndilo lenyewe. Tuseme ni sdb. Ukishaigawa kwa fdisk, ukapata sdb1:

sudo mkfs.vfat -F 32 /dev/sdb1
sudo mount /dev/sdb1 /mnt
sudo grub-install --target=i386-pc --boot-directory=/mnt/boot /dev/sdb

Mstari wa mwisho ni sdb, si sdb1. Hiyo ni ya mashine za BIOS. Za UEFI zataka mstari wao, na Secure Boot izimwe:

sudo grub-install --target=x86_64-efi --efi-directory=/mnt --boot-directory=/mnt/boot --removable

Nakili ISO kwenye /mnt/iso, kisha andika faili ya /mnt/boot/grub/grub.cfg:

menuentry "Linux Mint" {
set isofile=/iso/mint.iso
loopback loop $isofile
linux (loop)/casper/vmlinuz boot=casper iso-scan/filename=$isofile
initrd (loop)/casper/initrd.lz
}

Kila ISO na fungu lake. Majina ya vmlinuz na initrd hubadilika, kwa hivyo ifungue ISO uyatazame kwanza. Debian Live hutumia boot=live na findiso= badala ya iso-scan/filename=. ISO ya Windows haiamki kwa njia hii, usijisumbue. Na FAT32 haipokei faili inayofika GB 4, basi Ubuntu 24.04 ya mezani haitoingia, Mint yaingia.

Ukimaliza, sudo umount /mnt, ungoje amri irudi ndipo uchomoe.