Kwa nini wengine wetu hawazoei mlio



Katika parokia zetu nyingi za Masisi na Walikale, kengele ya kanisa ni chuma cha gurudumu la gari kilichotundikwa kwenye tawi la mti. Mzee wa zamu hukigonga, na mlima mzima unasikia. Zamani watu walijua tu kwamba saa ya ibada imefika. Siku hizi kinapogongwa tunaona mambo mengine: mama anamkumbatia mtoto na kuinama, kijana wa kwaya anatetemeka mikono, mtoto anaingia chini ya benchi. Mvua ikianguka ghafula juu ya mabati, ni vilevile. Kuna wanaocheka. Kuna wanaosema imani ya mtu huyo ni haba, au ana pepo. Na wanaoshtuka, kwa haya, wanaanza kubaki nyumbani Jumapili.

Tumeona vema kueleza kinachotokea ndani ya kichwa, maana jambo hili lina maelezo, na mwenye kuyajua hatacheka tena.

Aliyezaliwa kando ya mto Lowa hausikii mto ule. Jirani wa mashine ya kusaga unga analala mchana mashine ikinguruma. Masikio yao ni mazima. Ubongo ndio uliokwisha kuamua kwamba sauti hiyo haileti kitu, ukaacha kuihangaikia. Lakini mashine ikizimika ghafula, au ikibadili mlio, jirani yule anafumbua macho mara moja.

Ubongo unafanyaje hivyo? Seli zake nyingi hazigusani kabisa. Kati yao kuna nafasi ndogo sana, na seli moja huipasha nyingine habari kwa kumwaga kemikali katika nafasi hiyo. Mtaalamu Eric Kandel, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2000, alilichunguza jambo hili kwa konokono wa baharini asiye na gamba, mwenye seli chache na kubwa. Ukimgusa kidogo, anavuta shavu lake la kupumulia ndani. Ukirudia mguso uleule mara nyingi bila kumdhuru, anazoea: seli inayopeleka habari inamwaga kemikali kidogo zaidi kila mara, mpaka mnyama hajali tena. Lakini Kandel na wenzake walipomtia umeme mkiani, kemikali nyingine iitwayo serotonini ilimwagwa, na njia ileile iliyokuwa imetulia ikapata nguvu kupita mwanzo. Sasa hata mguso mwepesi ulimfanya ajikunje.

Huyo ni konokono, na ni mguso, si sauti. Kwa binadamu mambo ni mengi zaidi, lakini mwelekeo ni huohuo. Mwaka 1978 Risto Näätänen wa Finland na wenzake walionyesha kwamba mtu akisikilizishwa sauti moja tena na tena, kisha ikaingizwa iliyo tofauti kidogo, umeme wa ubongo wake unaruka kwa ile tofauti, hata kama yeye hajali sauti hizo. Tena kazi hiyo inategemea kemikali. Wengi wetu tunaijua ketamini, dawa ya usingizi wanayotumia hospitalini wakati wa kupasua. Inaziba mlango mmoja ambao kemikali ya glutameti hutumia kati ya seli. Watu wazima wa afya walipopewa dawa hiyo kwa kiasi kidogo, mruko ule ulipungua. Basi kuzoea mlio, na kuutambua mlio mgeni, ni kazi ya mwili kama kusaga chakula tumboni.

Sasa tuje kwenye hofu. Chini ya ubongo, katika shina lake, kuna kituo kidogo sana chenye rangi ya samawati kinachomwaga noradrenalini karibu ubongo wote. Hatari ikija, kemikali hiyo inapanda: moyo unapiga mbio, masikio yanakuwa makali, usingizi unakimbia. Ni zawadi njema usiku wa kukimbia. Shida ni pale inapokataa kushuka vita vikiisha, maana ubongo uliojaa kemikali ya tahadhari hauwezi kuamua kwamba mlio fulani ni bure.

Na kwetu milio haikuwa bure. Mwezi wa kwanza mwaka 2025 vita vilipofika Masisi-centre, na mwezi wa tatu Walikale-centre, mlio wa kwanza ulifuatwa na wa pili, kisha na kubeba watoto na magodoro njiani. Kila mara sauti ilileta kitu. Ubongo ulijifunza sawasawa kile ulichofundishwa.

Je, wanaoshtuka walizaliwa dhaifu? Huko Marekani walichunguzwa mapacha wa kufanana, mmoja alipigana vita vya Vietnam, mwenzake hakupigana. Wote walisikilizishwa sauti kali zilizorudiwa. Matokeo yalitolewa mwaka 2003: moyo wa mpiganaji aliyebaki na ugonjwa wa mshtuko ulipiga zaidi kwa kila sauti, lakini wa pacha wake ulitulia kama wa watu wengine. Wamezaliwa na damu ileile. Vita ndivyo vilivyoweka tofauti. Uchunguzi mwingine, wa Israel mwaka 2000, ulifuata watu waliofika hospitalini baada ya ajali na mabaya mengine. Wiki ya kwanza hakuna aliyeweza kuwatofautisha kwa sauti hizo. Mwezi mmoja baadaye, waliougua walikuwa wameachana na wenzao. Ndiyo maana mtu anaweza kufika salama, akaimba vizuri, kisha akaanza kushtuka wakati wengine wamekwisha kusahau.

Wako pia waliozoea kupita kiasi, wasioinua kichwa hata risasi zikilia karibu. Watoto hasa. Tusiwasifu kwa ushujaa. Nao wanahitaji kuangaliwa.

Basi parokia ifanye nini? Kumwambia mtu «utazoea tu» hakusaidii, maana kurudiarudia mlio huku hofu imepanda kunaweza kuongeza shida. Kinachosaidia ni mlio uleule ukija mahali pa usalama, ukitangazwa, na usiletee mtu baya. Mzee wa zamu aanze kwa kugonga polepole, kisha aongeze. Mwenye kushtuka aachiwe nafasi karibu na mlango, bila kuulizwa. Watoto waonyeshwe chuma kile, wakigonge wenyewe.

Tusimlazimishe mtu kusimulia yote mbele ya watu siku chache baada ya tukio. Tunajua ushuhuda ni desturi yetu, lakini huu usubiri mpaka mwenyewe apende. Tuwe waangalifu pia na vidonge vya diazepam vinavyouzwa sokoni: OMS ilishauri mwaka 2013 kwamba dawa za namna hiyo zisitumiwe kutuliza mshtuko katika mwezi wa kwanza.

Dalili zikizidi mwezi, usingizi ukikataa au kazi ikishindikana, mpelekeni kituo cha afya na kwa wale tunaowaita APS. Msiwadharau kwa kuwa si madaktari. Mwaka 2013 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanyika vijijini humu mashariki mwa Congo, kwa wanawake zaidi ya 400 waliopitia ukatili wa kijinsia. Waliokaa katika vikundi vya matibabu, vikiongozwa na wasaidizi Wakongomani wa namna hiyo, walipona mshtuko na huzuni kuliko waliosaidiwa mmojammoja kwa njia ya kawaida, hata pale ambapo vita vilikuwa havijaisha.

Na mama yule aliyeinama kengele ilipolia, mumwendee baada ya ibada, mumsalimu kama kila Jumapili.