Kiti cha Magurudumu Katika Foleni
Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima, Handeni na Korogwe

Natumaini mmekwisha kaa, na mwalimu wenu ana chaki mkononi, kwa maana leo tutapiga hesabu kidogo. Somo letu ni juu ya foleni, na juu ya mwenzetu anayeingia katika foleni akiwa ameketi juu ya magurudumu.

Ninyi wa Handeni hamna haja ya kufundishwa maana ya foleni. Wakati wa ukame mmepanga ndoo bombani tangu alfajiri. Ndoo hukaa mahali pake, mwenye ndoo huenda kukaa kivulini, wala hakuna mwungwana atakayeisogeza nyuma ndoo ya mwenziwe. Nanyi wa Korogwe mnaijua foleni ya stendi, ya zahanati na ya dirisha la benki. Likumbukeni jambo hili la ndoo. Tutalirudia baadaye.

Sasa nitawaeleza niliyoyaona mwenyewe. Siku moja nilikwenda katika zahanati moja, jina lake sitalitaja. Mama mmoja alifika mapema juu ya baiskeli ya magurudumu matatu, ile inayoendeshwa kwa mikono. Alikuwa mtu wa tatu. Lakini foleni ilipanda ngazi mbili mpaka barazani, naye akabaki chini. Waliokuja nyuma yake wakampita mmoja mmoja, kila mtu akidhani kwamba anamngoja mtu. Karani alikuwa nyuma ya dirisha la juu, hakumwona. Saa saba dirisha likafungwa. Yule mama akageuza baiskeli yake akaenda zake bila dawa.

Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyemfukuza. Mimi nilikuwa mtu wa tisa, nami nilimpita kama wengine. Ndiyo sababu ninalifundisha somo hili.

Tuligawanye somo letu katika mafungu matatu: njia, nafasi na adabu.

Kwanza, njia. Kiti cha magurudumu cha mtu mzima huwa na upana wa sentimita 60 hivi mpaka 70. Mikono ya mwenyewe husukuma magurudumu kwa nje, kwa hiyo njia yapasa iwe na upana wa sentimita 90 au zaidi. Mahali pa kugeuka pataka sentimita 150 kila upande. Baiskeli ya magurudumu matatu ni ndefu kuliko kiti, nayo yataka nafasi kubwa zaidi. Basi mkifunga kamba na nguzo ili watu wajipange, pimeni kwanza. Foleni yenye kona nyembamba ni ukuta kwa mtu huyu.

Na ngazi je? Ngazi hupitwa kwa kujenga mteremko. Kanuni yake ni rahisi: kila sentimita 1 ya kwenda juu yataka sentimita 12 za urefu. Ngazi mbili, kila moja sentimita 15, ni sentimita 30. Zidisha kwa 12, utapata sentimita 360, yaani mita 3 na sentimita 60. Zege kidogo, au mbao imara zilizopigiliwa vizuri, zingalimfikisha yule mama dirishani. Kama mteremko haujajengwa, dawa ni nyepesi zaidi: karani atoke nje, aangalie ni nani aliye chini ya baraza.

Pili, nafasi. Hapa tutazame kidogo nchi za mbali. Mwaka 1968, huko Michigan, Marekani, fundi wa mabomba aitwaye Al Thieme alitengeneza kigari kidogo cha umeme kwa ajili ya jamaa yake aliyepoteza nguvu za kutembea. Vigari vya namna hiyo vikaenea. Watu wakaenda navyo madukani, na hata katika viwanja vikubwa vya michezo na bembea za mashine, ambako watu hupanga foleni ndefu ili wapande. Swali likazuka: mwenye kigari apite mbele, au angoje?

Jibu likawa katika kuitengeneza foleni yenyewe. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 iliagiza kwamba mahali pa watu wote pawe na njia za kuwafaa watu wenye ulemavu. Basi foleni mpya zikafanywa pana, na mwenye kigari akaingia pamoja na jamaa zake, akangoja zamu yake kama wao. Tena mwaka 2013 viwanja vya Disney vilianza desturi nyingine kwa watu wasioweza kungoja ndani ya foleni: mtu hupewa saa ya kurudi, akapumzike mahali pengine, zamu yake ikiendelea kuhesabiwa. Je, ndugu zangu wa Handeni, hiyo si ndoo yenu ile? Mwenyewe yuko kivulini, na nafasi yake iko palepale.

Sisi nasi tuna mahali pa namna hiyo. Watu wa mkoa wetu wa Tanga huenda Morogoro kwenye maonyesho ya Nane Nane. Langoni pana foleni, na palipo na bembea pana foleni nyingine. Twaweza kumwambia mwenye kiti, "Ndugu, wewe u wa kumi. Kaa chini ya mti huu, tutakuita." Kisha tumwite kweli! Ahadi isiyotimizwa ni sawa na kumfukuza.

Wako wasemao, "Yeye ameketi, hachoki." Hilo ni kosa. Mtu aliyeumia uti wa mgongo huenda hana hisi katika mapaja na makalio. Akikaa muda mrefu bila kujiinua, ngozi hugandamizwa, damu haipiti vizuri, na vidonda hutokea bila yeye kusikia maumivu. Vidonda hivyo ni vigumu kupona, navyo vyaweza kuua. Kwa hiyo foleni ya saa nne juani si jambo dogo kwake.

Yako mahali ambapo kumtanguliza ni agizo. Katika vituo vya kupigia kura, watu wenye ulemavu, wagonjwa, wazee, wajawazito na wanaonyonyesha hupewa nafasi ya kwanza. Tena nchi yetu ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, ambayo yataka majengo ya watu wote yafikike. Mahali pengine, muulize mwenyewe. Huenda atapenda kutangulia. Huenda atapenda kungoja na wenzake akizungumza habari za mvua na mahindi. Lililo baya ni kumwamulia.

Tatu, adabu. Kiti ni miguu yake. Usikishike, usikiegemee, usitundike kikapu chako juu yake. Usimsukume kabla ya kumwuliza, kwa maana vidole vyake vyaweza kuwa kati ya vyuma. Mwachie nafasi ya hatua moja mbele na nyuma. Ukizungumza naye, zungumza naye yeye, si na mtu aliyemsindikiza. Kama anapanda bembea au gari, muulize ni upande gani ulio mwepesi kwake, funga breki, kisha msaidie. Kiti kikae mahali atakaposhukia, wala watoto wasikichezee.

Nawe mwenye kiti una wajibu wako. Ukifika, uliza kwa sauti, "Nani wa mwisho hapa?" ili watu wajue kwamba umo katika foleni. Kila foleni inaposimama, funga breki, hasa penye mteremko. Kama chombo chako ni cha umeme, zima ufunguo unapongoja, maana mtoto akigusa mkono wa mwendo chaweza kuruka na kumgonga mtu. Kama ni cha injini, zima injini, usiwafukize wenzako. Na zamu yako ikipita, usinyamaze.

Ndugu wasikilizaji, wahenga walisema: kabla hujafa hujaumbika. Ajali ya pikipiki moja kati ya Korogwe na Handeni yatosha kumweka yeyote wetu juu ya magurudumu. Mteremko utakaoujenga leo huenda kesho ukaupanda wewe.

Yule mama wa zahanati sikumwona tena. Lakini tangu siku ile, kila nikiingia foleni hutazama kwanza nyuma, kisha chini ya ngazi.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Baraza ina ngazi tatu, kila moja sentimita 15. Mteremko wake utakuwa na urefu gani? (Jibu: sentimita 540, yaani mita 5 na sentimita 40.)

2. Pimeni mlango wa darasa lenu. Je, kiti cha magurudumu chaweza kupita?

3. Kijijini kwenu, ni foleni gani ambayo mwenye kiti hawezi kuifikia? Andikeni sentensi tatu za kumweleza mwenyekiti wa kijiji, mtie sahihi zenu, mzipeleke.

Kwa herini, mpaka somo lijalo.