Vyeo vya Beni: Sanaa ya Maonyesho na Hadhi ya Kisiasa Chini ya Ukoloni

Miongoni mwa sanaa za maonyesho za Afrika Mashariki, beni imeelezwa mara nyingi kuwa ni uigaji wa Wazungu. Maelezo hayo hayakosi msingi. Jina lenyewe limetoholewa kutoka neno la Kiingereza lenye maana ya bendi. Wachezaji walivaa sare, walipiga gwaride kwa mlio wa tarumbeta na ngoma, na walijipa vyeo kama vile Kingi, Jenerali na Kanali. Hata hivyo, dhana ya uigaji inaeleza umbo la beni tu, wala haielezi dhima yake. Makala haya yanashikilia kuwa vyeo hivyo vilikuwa njia ya kujadili hadhi ya kisiasa miongoni mwa watu walionyimwa hadhi hiyo.

Beni ilichipuka katika pwani ya Kenya kwenye miaka ya 1890. Katika miji kama Mombasa na Lamu, mashindano ya ngoma baina ya mitaa yalikuwapo tangu kale: mtaa ulishindana na mtaa kwa mavazi, karamu na mafumbo ya nyimbo. Kilichobadilika ni alama za ukubwa. Utawala mpya ulipojionyesha hadharani kwa bendi na gwaride, mashindano ya zamani yalizitwaa alama hizo. Kwa hiyo, fanani aliyevaa sare ya afisa hakuwa lazima anatamani Uzungu. Hadhira yake ya kwanza ilikuwa wapinzani wake wa mtaa wa pili, ambao aliwatambia kwa alama ambazo pande zote mbili zilizielewa.

Huko Tanganyika, beni ilijipanga katika vyama viwili vikubwa, Marini na Arinoti. Marini ilinasibishwa zaidi na wenye elimu na nafasi, ilhali Arinoti ilinasibishwa na watu wa tabaka la chini. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia (1914–1918), askari wa pande zote mbili waliisambaza hadi bara. Baada ya vita, vyama hivyo vilikuwa na matawi katika miji mingi, na Kiswahili kikawa lugha ya nyimbo zake hata mahali ambapo hakikuwa lugha ya nyumbani. Hapa ndipo suala la utambulisho linapojitokeza: uanachama haukufungwa na kabila moja, na mipaka ya chama ilivuka mipaka ya wilaya ambamo mkoloni alitaka kumweka kila Mwafrika.

Watawala waliitilia shaka beni kwa sababu hiyo. Wachimbaji wa shaba wa Rhodesia ya Kaskazini walipogoma mwaka 1935, tume ya uchunguzi iliulizia pia nafasi ya vyama vya mbeni, kama ngoma hiyo ilivyoitwa huko. Chama chenye viongozi na nidhamu kingeweza kukusanya watu kwa ngoma, na kwa jambo jingine pia.

Hata hivyo, haifai kuikuza beni kupita kiasi. Haikudai uhuru, na ushindani wake wakati mwingine uliwagawa Waafrika wenyewe. Mchango wake ulikuwa mazoea ya kuchagua viongozi, kuchangishana fedha, kutii cheo kilichotolewa na wenzao, na kuyafanya hayo yote kwa Kiswahili. Mazoea ya namna hiyo yalikuwamo pia katika vyama vya ngoma vya wanawake. TANU ilipoanza kuwatafuta wanawake mwaka 1955, Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma jijini Dar es Salaam, aliwafikia kupitia vikundi hivyo. Chama cha siasa kilikuta watu waliokwisha kujua namna ya kuwa wanachama.